Kifua cha Bi Kheiria

Asubuhi ambayo kidole cha kwanza kilihama, Mahbuba binti Ishaq alikuwa akimwosha Bi Kheiria nyuma ya pazia, katika chumba cha chini cha nyumba waliyopanga Matrah. Maji aliyapasha kwenye jiko la mafuta ya taa, akayapoza kwa maji ya mtungi mpaka kiwiko chake kikayakubali. Alianza na uso, akaja shingo, akaja mikono. Bi Kheiria alikuwa na baridi yabisi ya miaka mingi, vidole vimejikunja ndani ya kiganja, na kila siku Mahbuba alivikunjua kimoja kimoja kwa mafuta ya nazi. Siku hiyo kidole cha shahada kilinyooka chenyewe na kubaki kimenyooka. Mahbuba alipokwenda kukamua kitambaa, alikuta kidole chake mwenyewe kimejipinda, hakitaki kurudi. Akakamua kwa mkono wa kushoto, akamalizia miguu.

Bi Kheiria alikiinua kidole mbele ya macho, akakigongesha ukingoni mwa kitanda.

"Hiki kimepona," alisema.

"Ndiyo, Bi Mkubwa. Kimekuja huku."

Kisha Mahbuba akamletea uji.

Huo ulikuwa mwaka 1965, mwaka wa pili tangu watoke Unguja. Bi Kheiria alikuwa mjane mwenye mashamba ya karafuu ambayo hakuwa nayo tena, na mwanawe Harub alikuwa mwalimu wa skuli ambaye skuli yake ilikuwa imepata mwalimu mwengine. Baba zao walitoka Oman, lakini kuwa na baba aliyetoka Oman hakukutosha kuingia Maskati siku zile. Ilibidi jamaa yao mmoja wa Matrah, Sheikh Marhoon, awasemee kwa miezi mingi ndipo ruhusa itoke. Ilitoka ya watu watatu: mama, mwana, na mhudumu wa mgonjwa.

Mhudumu ndiye Mahbuba. Alikuwa mtu wa Makunduchi, asiye na kabila la Oman wala sheikh wa kumsemea, ameachika, na ana mtoto mmoja wa kike aitwaye Nasriya. Mtoto alikuwa na miaka saba, hawezi kumhudumia mgonjwa, kwa hiyo hakuwemo katika ruhusa. Alibaki Vikokotoni kwa khalati yake, dada wa Mahbuba. Bi Kheiria alimwahidi Mahbuba kwamba wakishatulia mtoto ataletwa, na alipoahidi alikuwa anakusudia.

Kabla ya hapo Mahbuba alikuwa amefanya kazi katika wodi ya wanawake ya hospitali, Unguja, kwa muda mrefu, na hakuwahi kuchukua maradhi ya mtu. Alilifikiria jambo hilo kidole cha pili kilipohama, akaona sababu yake ni nyepesi. Kule wagonjwa walikuwa wengi na wauguzi walipokezana zamu. Hakuna mkono mmoja uliokaa juu ya mwili mmoja ukatosha. Hapa alikuwa yeye na Bi Kheiria tu, kila siku, mwaka wa pili sasa. Alimweleza Harub hivyo, na Harub alisema ni kweli, jambo hilo linaelekea akilini. Akamnunulia kitambaa laini zaidi cha kuoshea.

Ikafika siku vidole vyote vya mkono wa kulia wa Bi Kheiria vimenyooka. Alianza kushona. Mahbuba naye alijifunza kushika kikombe kwa viganja viwili.

Tabu moja ilikuwa ruhusa yenyewe. Ilisema Mahbuba anakaa nchini kwa muda wa ugonjwa wa Bi Kheiria. Kila baada ya miezi michache alikuja karani aitwaye Majid, mtu mpole mwenye kilemba safi, kuhakikisha kwamba mgonjwa bado ni mgonjwa. Bi Kheiria akipona, Mahbuba angepaswa kuondoka. Kwa hiyo Majid akibisha hodi, Bi Kheiria aliacha ushungi aliokuwa akiushona, akapanda kitandani, akajifunika hadi kidevuni, na Mahbuba akaenda kufungua mlango. Majid alisimama kizingitini, akatoa salamu, akauliza hali. Alimwona mwanamke mmoja amelala na mwengine amebeba sinia la kahawa kwa viganja, akanywa finjani yake, akaenda zake.

Jicho lilihama mwaka 1967. Bi Kheiria alikuwa na mtoto wa jicho upande wa kulia, na Mahbuba alimwosha macho kila asubuhi kwa maji ya vuguvugu. Siku moja Bi Kheiria aliomba msahafu, akasoma juzuu nzima bila ya kusaidiwa. Mahbuba alikaa kumsikiliza na kuona kwamba upande mmoja wa chumba umeingia ukungu. Mwaka uliofuata likaja goti.

Angeweza kuacha kumwosha. Hakuna aliyemlazimisha, na mara moja Harub mwenyewe alimwambia apumzike. Lakini kuosha ndiko kulikomweka Maskati, na Maskati ndiko alikotaka Nasriya aje. Unguja kazi yake ilishapata mtu, na waliotoka huko walisema kwamba kutoka kunazidi kuwa kugumu. Khabari za mtoto zilikuja kwa midomo ya wasafiri: amerefuka, ameng'oka meno ya mbele, amehitimu Kurani. Mahbuba alizipokea, akawauliza wasafiri kama anakula vizuri, akarudi kupasha maji. Isitoshe, alimpenda Bi Kheiria. Alikuwa mwanamke wa maneno laini, asiyekula kabla ya kuhakikisha Mahbuba ametengewa chake, na katika kila dua alilitaja jina la Mahbuba kabla ya jina la mwanawe.

Kifua ndicho kilichokuwa cha mwisho. Pumu ya Bi Kheiria ilikuwa ikisikika hadi njiani. Wapita njia walijua wamefika nyumba gani kwa mlio wake. Haikuja kidogo kidogo kama vidole. Ilikuja kwa mara moja, asubuhi moja ya mwishoni mwa mwaka 1969, Mahbuba alipokuwa akimchua mgongo. Bi Kheiria alivuta pumzi ndefu, akaitoa, akavuta nyengine, na chumba kikawa kimya. Harub alitoka mbio chumba cha pili, kwa kuwa hakuusikia mlio, akadhani mama yake amefariki. Alimkuta amekaa wima, mashavu yamepata damu. Mahbuba alikuwa ameinama ameshikilia kitanda, akitafuta hewa.

Harub alimshukuru Mungu. Kisha akamwuliza Mahbuba kama atahitaji mto wa pili.

Tangu hapo Majid alipokuja, Bi Kheiria alilala na kukohoa kwa kukumbuka. Mahbuba alikohoa kweli, lakini jikoni.

Mwaka 1970 mambo yakabadilika. Nchi ilipata mtawala mpya, na watu wa asili ya Oman waliokuwa nje waliitwa warudi nyumbani. Walikuja kutoka Dubai, kutoka Kairo, kutoka Mombasa, wengine na vyeti vya chuo na wengine na nguo walizovaa. Matrah ilijaa Kiswahili. Harub, ambaye miaka yote hiyo alikuwa akiandika hesabu za duka la mfanyabiashara wa Kihindi, alipata kazi serikalini kwa sababu alijua Kiingereza, na kabla ya mwezi kwisha akapewa gari ya kazini. Pasipoti za familia zilitoka kwa neno moja la Sheikh Marhoon.

Mahbuba hakuwa na sheikh. Lakini kwa watu kama yeye pia ilifunguliwa ofisi mpya ya ukaazi. Ikasemwa kwamba mfanyakazi wa kigeni aliyekaa nchini kuzidi miaka mitano, akiwa na mdhamini na afya njema, atapewa ukaazi wa kudumu, na mwenye ukaazi anaweza kuleta watoto wake. Harub alirudi na khabari hiyo mchana, akamsomea mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza Mahbuba alikuwa anakohoa.

Mdhamini alikuwa Harub. Miaka ilikuwa sita. Mahbuba alianza kupanga kwa utulivu, kama mtu anayefunga mzigo wa safari fupi. Alikwenda Darsait kutazama chumba chenye madirisha mawili, akazungumza na mwenye nyumba. Atafanya kazi ya kuwaosha wazazi waliotoka kujifungua, na vichanga vyao. Familia zilizokuja zilikuwa na wanawake vijana wengi na bibi zao wamebaki Unguja. Mzazi huoshwa siku arubaini, akaisha, akaja mwengine. Siku arubaini hazitoshi maradhi kuhama. Nasriya atakuwa na miaka kumi na tatu, atasoma skuli ya wasichana iliyokuwa imefunguliwa. Mahbuba alimweleza Bi Kheiria yote hayo huku akimfunga vishikizo ambavyo Bi Kheiria aliweza kuvifunga mwenyewe, na Bi Kheiria alisema Inshallah, akamwambia atampa vyombo vya kuanzia.

Katika ofisi ile mpya, nyuma ya meza alikaa Majid, kilemba kilekile. Alimsalimu Mahbuba kwa jina. Chumba cha pili alikuwamo daktari mgeni, mzee, asiyejua Kiarabu sana, na Majid ndiye aliyemtafsiria. Daktari alimtazama Mahbuba vidole, akamulika jicho, akamwambia akunje goti. Mwisho akaweka chombo chake mgongoni na kusikiliza kwa muda mrefu. Akauliza umri. Mahbuba alisema miaka thelathini na minane.

Daktari alisema kifua hiki ni cha mtu wa sabini. Hakusema kwa kushangaa. Alieleza kwamba alikotoka pia amewahi kuona hivyo, kwa yaya mmoja na kwa mtawa mmoja aliyewauguza watu kwa miaka mingi. Akasikitika, akaandika kwamba hafai. Nchi ilikuwa na vitanda vichache vya hospitali, na kanuni ilitaka watu wazima wa afya.

Kesho yake Harub alikwenda ofisini mwenyewe. Alimweleza Majid kwamba kifua ni cha mama yake, vidole ni vya mama yake, jicho na goti vilevile, na kwamba yeye alikuwepo vilipohama na yuko tayari kuapa. Majid alimsikiliza hadi mwisho na kuyaandika maneno yote.

"Nakubali ni vya mama yako," Majid alisema. "Nimekuja kwenu miaka sita, nimeona. Lakini kanuni haiulizi kifua ni cha nani. Inauliza ni nani anayekohoa."

Kwa kuwa walikuwa wakijuana, alimpa Mahbuba nafasi ya kurudi kupimwa tena baada ya Idi. Vidole vyake asiviogope, alisema, wala jicho; daktari angeweza kuyafumbia macho hayo. Kilichomharibia ni kifua.

Ramadhani ikaingia. Bi Kheiria alifunga mwezi ule kwa mara ya kwanza tangu aanze kuumwa, na kila siku baada ya sala ya alasiri alikaa mkekani akikunja sambusa, pembe zake zimenyooka kama zimepimwa. Mahbuba alikaa pembeni akichagua dengu kwa jicho moja. Alikuwa ameyazungusha maneno yake kichwani kwa siku kadhaa. Siku aliyoyasema, aliyasema polepole, kwa sababu pumzi haikumtosha kwa sentensi ndefu.

"Bi Mkubwa, nnaomba unioshe."

Bi Kheiria aliendelea kukunja.

"Siku moja tu," Mahbuba alisema. "Asubuhi ya kupimwa. Kifua peke yake. Hivi vingine ntabaki navyo. Kilikuja kwa siku moja, na kurudi kitarudi kwa siku moja. Nkishapimwa, ntakuosha tena."

Bi Kheiria aliiweka sambusa kwenye sinia, akaifunika kwa kitambaa. Nje mtu alikuwa akimwita mbuzi wake.

"Ukishapata karatasi yako, Mahbuba," alisema mwisho, "utakuja kukichukua tena kwa nini?"

Mahbuba alifungua mdomo kuapa, kisha akaufunga. Alijiona yuko Darsait, chumbani mwake, anavuta pumzi, na Nasriya anaondoa viatu mlangoni. Alijua kwamba hatarudi. Bi Kheiria naye aliona kwamba amejua.

"Sikulaumu, mwanangu. Ningekuwa mie nsingerudi," Bi Kheiria alisema. "Lakini mie nshazowea kupumua."

Alilia aliposema hivyo, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Akamwombea Mahbuba dua ndefu. Kisha adhana ikaadhiniwa, wakafuturu, na Bi Kheiria alimtilia Mahbuba sambusa zenye nyama nyingi. Mahbuba alikula mbili. Hakuzungumza tena jambo lile, na asubuhi yake alipasha maji kama kawaida, lakini Bi Kheiria alimwambia ataoga mwenyewe.

Baada ya Idi daktari alisikiliza kifua kwa mara ya pili na kuandika neno lilelile. Mahbuba akapewa hadi mwisho wa mwezi kuondoka.

Harub alihuzunika sana. Alikuwa mtu mwema, na wema wake ulimsumbua kama jino. Alizunguka ofisi hadi ofisi, akasoma kanuni zote, na jioni moja alirudi akiwa na uso mkunjufu, akamwita Mahbuba ukumbini na kumkalisha kwenye kiti. Kulikuwa na njia. Mtu aliye mgonjwa nchini, mwenye mdhamini, angeweza kubaki kama mgonjwa, na mgonjwa huruhusiwa kuletewa mhudumu wa jamaa zake. Harub angemdhamini. Mhudumu angekuwa Nasriya, naye sasa ameshatimiza umri. Angeweza kufika kabla ya mwezi wa pili, na ruhusa yake alikuwa ameshaizungumza na Majid.

"Ruhusa ya muda gani?" Mahbuba aliuliza.

"Kwa muda wa ugonjwa wako, Da Mahbuba."

Mahbuba aliomba afikiri hadi asubuhi. Jioni hiyo aliikunjua kanga mpya aliyokuwa amemwekea binti yake, akaipima kwenye mwili wake mwenyewe, akakisia Nasriya itamfika wapi. Alimfikiria mikono. Alipomwacha ilikuwa mikono midogo yenye vishimo kwenye viungo, na sasa lazima imekuwa mirefu; wasafiri walisema mtoto huyo anajua kusuka ukili. Alimfikiria anapasha maji, anayapima kwa kiwiko, anaanza na uso. Mtoto mwema. Hangekubali mama yake ajioshe mwenyewe na vidole vile. Mahbuba angemkatalia leo na kesho, na siku ya tatu angekubali aoshwe.

Asubuhi, alipomaliza kufagia, alimwendea Harub aliyekuwa akinywa chai yake kabla ya kazi.

"Nasriya asije."

Harub alikiweka kikombe chini. "Si ndiye uliyekuwa ukimtaka miaka yote hii?"

"Ndiye."

Harub alimtazama, kisha akatazama vidole vya Mahbuba juu ya mpini wa ufagio, akaelewa. Hakumsihi. Aliuliza tu anataka tikiti ya kwenda wapi, kwani Unguja, aliko mtoto, sasa hakufai. Mahbuba alisema Mombasa. Huko iko hospitali kubwa, wauguzi wengi, wanapokezana zamu asubuhi, mchana na usiku. Akilazwa hapo, kila mmoja atachukua kidogo, kiasi cha kutomdhuru; huyu ataondoka na kikohozi cha siku mbili, yule na maumivu ya kidole. Unguja atakwenda maradhi yakishapungua. Harub alisema hesabu hiyo ni nzuri, akaenda kukata tikiti ya ndege ya Dubai, na kutoka Dubai ya meli.

Siku ya kuondoka Bi Kheiria alimfungia mzigo. Aliukaza kamba kwa nguvu, akapiga fundo zuri, akatia ndani vyombo alivyomwahidi, ijapokuwa sasa havikuwa na kazi: sufuria mbili, sinia, na birika. Wakaenda watatu kwa gari ya Harub hadi uwanja wa ndege wa Bait al-Falaj, uliokuwa kiwanja cha changarawe baina ya milima, na ndege ndogo imesimama juani. Bi Kheiria na Mahbuba walikumbatiana. Walikaa hivyo muda mfupi, na Mahbuba ndiye aliyejitoa kwanza.

Alikwenda peke yake hadi kwenye ngazi, akipumzika njiani. Mtu wa ndege, kijana wa Kibaluchi mwenye shati jeupe, alimwona anavyolivuta goti, akamshika mkono kumpandisha. Mahbuba alimshukuru, akamwambia amwachie, atapanda mwenyewe. Kijana akadhani ni haya ya kike, akamwachia. Mahbuba akapanda, daraja moja, akashusha pumzi, daraja la pili.

Ndege ilipoondoka Harub alimfungulia mama yake mlango wa gari. Bi Kheiria alisema hapana, na aende kazini, yeye atarudi kwa miguu. Akaifuata njia ya Ruwi, akapita kati ya vilima, akateremka Matrah kabla ya adhuhuri. Akatia udhu, akasali, akateleka wali. Jirani yake, Bi Shaikha, alipitia mlangoni kumpa pole. Alisema jambo hili limemsikitisha, kwani sasa nani atamwuguza Bi Kheiria? Bi Kheiria alikuwa amesimama juu ya jiko, anaupuliza moto kwa pumzi yake. Alimjibu kwamba haumwi kitu.

Na kweli alikuwa haumwi.